Jani la Mpapai na Kauli ya 'Kuongeza Damu': Tiba ya Upungufu wa Chembe Sahani kwa Mtazamo wa Istilahi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kauli ya 'kuongeza damu' inavyotumiwa na wazungumzaji wa Kiswahili kuhusiana na dawa za mitishamba zinazosadikiwa kupandisha idadi ya chembe sahani. Mfano mkuu ni jani la mpapai, ambalo hutumiwa dhidi ya homa ya dengue. Makala yanadai kwamba kauli hiyo moja hubeba dhana tatu tofauti za kitabibu, na kwamba mchanganyiko huo unaweza kumfanya mgonjwa apewe dawa isiyolingana na ugonjwa wake au acheleweshwe kupata matibabu. Hatimaye yanatathmini istilahi zilizopo kwa kutumia baadhi ya vigezo vya uundaji istilahi.

1.0 Utangulizi

Homa ya dengue si ngeni katika Afrika Mashariki. Nchini Kenya, mkurupuko wa pwani, Malindi ikiwemo, uliripotiwa mwaka 1982. Baadaye ugonjwa ulizuka Mandera mwaka 2011 na Mombasa mwaka 2013, kisha ukarejea Mombasa katika miaka iliyofuata. Dar es Salaam nayo ilikumbwa mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Virusi vyake huenezwa na mbu aina ya Aedes aegypti, ambaye huuma hasa mchana na huzaana katika maji yaliyotuama kwenye mapipa, mitungi na magurudumu yaliyotupwa.

Jambo linalowahusu wanafunzi wa Kiswahili ni kwamba jina la ugonjwa huu linahusishwa na lugha yao wenyewe. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja, aliandika mwaka 1872 kuhusu mkurupuko wa miaka ya 1870 na 1871 ambao wenyeji waliuita kidinga pepo. Baadhi ya wanaetimolojia hulihusisha neno 'dengue' na jina hilo, kwamba lilivuka bahari hadi visiwa vya Karibi na huko likachukua umbo la Kihispania. Wapo wataalamu wanaoshikilia kuwa maradhi aliyoyaeleza Christie huenda yalikuwa chikungunya. Hata hivyo, hoja hiyo yahusu ugonjwa wenyewe, haigusi kuwepo kwa jina. Nchini Tanzania jina hilo lingali hai katika umbo la kidingapopo. Ni vyema kutambua kuwa pepo amegeuka popo, na msikilizaji asiyejua asili ya neno anaweza kudhani kwamba ugonjwa huenezwa na popo. Mfano huu unaonyesha mapema kwamba jina la ugonjwa au la dawa humwelekeza mtu cha kuogopa na cha kufanya.

2.0 Chembe Sahani na Kazi Yake

Damu ina aina tatu kuu za chembe. Chembe nyekundu hubeba oksijeni kwa kutumia himoglobini, chembe nyeupe hupambana na viini vya maradhi, nazo chembe sahani huziba mahali ambapo mshipa umepasuka ili damu isitoke. Chembe sahani hutengenezwa katika uboho wa mifupa na huishi kwa muda wa siku 7 hadi 10 tu, ilhali chembe nyekundu huishi takriban siku 120. Katika mikrolita 1 ya damu ya mtu mzima mwenye afya huwa na chembe sahani kati ya 150,000 na 450,000.

Chembe hizi zikipungua sana, dalili huonekana katika kutoka kwa damu: ufizi na pua huvuja, vidoadoa vyekundu hutokea chini ya ngozi, na hedhi huwa nzito kupita kiasi. Mgonjwa wa namna hii si lazima apauke. Anaweza kuwa na himoglobini ya kutosha na bado awe hatarini. Hapa ndipo tofauti baina ya upungufu wa chembe sahani na upungufu wa damu wa kawaida inapodhihirika.

Visababishi vya upungufu huu ni vingi. Dengue ni kimojawapo, lakini malaria pia hushusha chembe sahani, sawa na VVU, saratani ya damu na baadhi ya dawa, kwinini ikiwemo. Kwa hiyo, chembe sahani zilizoshuka ni ishara inayodai kisababishi chake kitafutwe.

3.0 Dhana Tatu katika Kauli Moja

Katika matumizi ya kila siku, kauli ya 'kuongeza damu' huwakilisha angalau dhana tatu.

Kwanza, humaanisha kula au kunywa kitu kinachosaidia kujenga himoglobini. Mama mjamzito anapoambiwa kliniki kwamba damu yake iko chini, hushauriwa kula mchicha, mnavu, majani ya kunde, maini na maharagwe. Vyakula hivi vina madini ya chuma au folati, na ushauri huo una mashiko.

Pili, katika kauli ya kutendwa, 'kuongezwa damu' humaanisha kutiwa damu ya mtu mwingine kwa mshipa hospitalini. Kiambishi kimoja tu ndicho kinachotenganisha chakula cha jikoni na tendo la wodini.

Tatu, kauli hiyo hiyo sasa hutumiwa kwa dawa zinazosadikiwa kupandisha chembe sahani. Mathalani, muuguzi anaweza kusema, "Mama, chembe sahani za mwanao zimeshuka." Mama naye akauliza, "Yaani hana damu?" Akijibiwa "ndiyo" kwa kurahisisha mambo, atarudi nyumbani na kumpa mtoto bitiruti na sharubati ya rozela. Vinywaji hivyo vyaweza kumfaa kama chakula, lakini havikuelekezwa kwa tatizo alilonalo.

Mchanganyiko huu una mantiki yake katika utamaduni. Tiba nyingi za jadi hufuata mfanano: kitu chekundu huhusishwa na damu, na mmea wenye utomvu mweupe huhusishwa na maziwa ya mama. Mmea uitwao mziwaziwa umepewa jina kutokana na utomvu wake. Neno la kale safura, lililotokana na neno la Kiarabu lenye maana ya umanjano, nalo liliutaja ugonjwa kwa rangi ya mgonjwa. Chembe sahani haina rangi inayoonekana na mtu wa kawaida, wala upungufu wake hauna sura moja. Kwa sababu hiyo haikupata nafasi katika mfumo huo wa ishara, na ilipofika kupitia maabara ilivishwa vazi la neno lililokuwepo, yaani 'damu'.

4.0 Jani la Mpapai: Mapokeo na Ushahidi

Dawa inayotajwa zaidi kwa ajili ya chembe sahani ni maji ya jani la mpapai. Majani mabichi huoshwa, hutwangwa na kukamuliwa, na maji yake machungu hunywewa kwa kiasi kidogo. Matumizi haya yameenea mno Asia, hususan India, Sri Lanka, Pakistan na Malaysia, ambako dengue ni tatizo la miaka mingi. Wafilipino hutumia mziwaziwa uliotajwa hapo juu, nao Waindonesia hutumia mpera.

Neno 'jadi' linahitaji kuangaliwa kwa makini hapa. Mpapai wenyewe asili yake ni maeneo ya joto ya Marekani ya Kati, na ulienea duniani baada ya safari za Wahispania na Wareno za karne ya 15 na ya 16. Jina papai nalo lina asili katika lugha za wenyeji wa Karibi. Aidha, idadi ya chembe sahani haiwezi kujulikana bila hadubini au mashine ya maabara. Kwa hiyo, ingawa jani la mpapai limetumiwa kwa muda mrefu kutibu homa na maradhi ya tumbo, dai kwamba 'linapandisha chembe sahani' haliwezi kuwa la kale kuliko kipimo chenyewe. Ni dai jipya lililojengwa juu ya mmea uliozoeleka.

Upya wa dai hauthibitishi kuwa ni la uongo. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Malaysia kwa wagonjwa 228 wa dengue. Nusu yao walipewa maji ya majani ya mpapai kwa siku 3 mfululizo pamoja na matibabu ya kawaida, na wengine wakapewa matibabu ya kawaida pekee. Chembe sahani za kundi la kwanza zilipanda kwa kasi zaidi. Tafiti nyingine, hasa za India, zimetoa matokeo yanayoelekea upande huo huo, na huko vidonge vya dondoo ya jani hilo huuzwa madukani.

Hata hivyo, mambo matatu yanapaswa kuzingatiwa. Mosi, tafiti nyingi kati ya hizo ni ndogo, na katika baadhi yake mgonjwa na daktari walijua nani amepewa dawa. Pili, katika dengue chembe sahani hushuka kwa siku chache kisha hupanda zenyewe mgonjwa anapoingia kipindi cha nafuu. Aliyekunywa maji ya mpapai siku ya 5 na kupata nafuu siku ya 7 atalishukuru jani, ingawa jirani yake ambaye hakulinywa naye amepona. Tatu, na lililo zito zaidi, kupanda kwa chembe sahani si sawa na kuokoka. Kinachoua zaidi katika dengue kali ni kuvuja kwa plazma, yaani majimaji ya damu, kutoka ndani ya mishipa, hali inayoweza kumfanya mgonjwa azirai na viungo vyake vishindwe kufanya kazi. Hatari hiyo huja hasa homa inaposhuka, wakati ambapo jamaa hudhani mgonjwa amepona. Tafiti za jani la mpapai hazijathibitisha kwamba linapunguza vifo.

Kutokana na hayo, mgonjwa anayeumwa tumbo vikali, anayetapika mfululizo, anayetokwa na damu au aliyelegea kupita kiasi anahitaji hospitali mara moja, awe amekunywa jani au hakunywa. Shirika la Afya Duniani hupendekeza parasetamoli kwa homa hii na huonya dhidi ya aspirini na ibuprofeni kwa kuwa huongeza uwezekano wa kutokwa na damu. Hata kitunguu saumu kwa wingi, ambacho wengi huamini 'husafisha damu', hupunguza uwezo wa chembe sahani kushikana. Dawa inayosifiwa kwa damu katika maana moja yaweza kumdhuru mgonjwa wa damu katika maana nyingine. Na iwapo homa hiyo ni malaria, hakuna jani litakaloshika nafasi ya dawa ya malaria.

5.0 Tathmini ya Istilahi

Istilahi chembe sahani inaweza kupimwa kwa vigezo vinne vinavyofahamika kwa wanafunzi wa somo la istilahi: usahihi, iktisadi, uzalishi na uwazi. Kwa iktisadi, istilahi hii ni fupi. Kwa uzalishi, huingia vizuri katika tungo kama 'upungufu wa chembe sahani' na 'hesabu ya chembe sahani'. Ina usahihi pia, kwa maana chembe hizo zina umbo bapa. Udhaifu wake umo katika uwazi. Sahani humpeleka msikilizaji kwenye chakula, na haimwambii lolote kuhusu kazi ya chembe hizo.

Istilahi mbadala ni kigandishadamu. Hii huitaja kazi yenyewe, lakini kukubalika kwake kuna kikwazo. Katika mazungumzo ya kawaida, damu kuganda mwilini ni jambo la kuogofya linalohusishwa na kiharusi. Mgonjwa atakayeambiwa kwamba 'vigandishadamu vyake vimepungua' anaweza kudhani amepewa habari njema.

Suluhisho linalopendekezwa si kuunda neno la tatu. Istilahi ya chembe sahani yafaa idumishwe katika vitabu, lakini katika mabango na maelezo kwa mgonjwa ifuatwe na ufafanuzi mfupi: 'chembe zinazozuia damu kutoka'. Pamoja na hayo, vitenzi vitenganishwe. Himoglobini ikipungua isemwe 'kupungukiwa na damu'. Chembe sahani zikipungua isemwe 'chembe sahani zimeshuka', na tiba yake iitwe 'kupandisha chembe sahani'. Kauli ya 'kuongeza damu' ibakie kwa dhana ya kwanza, na 'kutiwa damu' itumiwe kwa dhana ya pili. Mama aliyetajwa katika sehemu ya tatu akijibiwa, "Damu anayo, ila chembe zinazozuia damu kutoka zimeshuka," atajua achunge nini usiku huo: ufizi, pua, matapishi na choo cha mtoto.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba tiba ya jani la mpapai haipaswi kubezwa wala kutukuzwa. Upo ushahidi wa kiasi kwamba linaweza kuharakisha kupanda kwa chembe sahani, lakini haupo ushahidi thabiti kwamba linaokoa maisha. Imebainika vilevile kuwa sehemu ya tatizo imo katika lugha, kwani kauli moja inapobeba dhana tatu, mtaalamu na mgonjwa huweza kuagana kila mmoja akidhani ameeleweka. Kamusi za tiba pekee hazitoshi kuziba pengo hilo. Wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kuanza kwa kukusanya kauli zinazotumiwa kuhusu damu katika kliniki, masoko ya mitishamba na nyumba za maeneo yao, kisha wazilinganishe na istilahi za maabara. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi, na kila mkurupuko mpya wa dengue unaongeza haja yake.