Dondoo muhimu: Soma anwani kuanzia mkiani

Jina la tovuti husomwa kuanzia mwisho. Halmashauri ya Wilaya ya Bagamoyo hutumia bagamoyodc.go.tz: “tz” ni Tanzania, “go” ni serikali. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, iko chini ya “ac.tz”, mkia wa vyuo.

Mwenye nyumba ya wageni Mji Mkongwe wa Bagamoyo au Kaole anaweza kuchagua “co.tz” ya biashara, au “hotel.tz”. Mkia huu wa pili ni bora kwake: mgeni anajua kazi ya biashara hiyo kabla hajafungua ukurasa.

Tahadhari! Anwani inayoishia na “go-tz.com” si ya serikali, hata ikibeba nembo ya taifa. Kistari si nukta.

Mwenye biashara asajili kikoa, yaani jina la tovuti, kwa jina lake, si la fundi wa tovuti, na alipie upya kabla muda haujaisha.