Darsa ya Ramadhani, Siku ya 11: Jeraha Lisilofungwa Bendeji



Ndugu zangu katika imani, tumshukuru Allah aliyetuvusha kumi la kwanza na kutuingiza kumi la maghufira. Leo tuzungumze jambo ambalo huwa tunalipita kimyakimya: ndugu zetu wanaotumia dawa za akili, na hasa wale walio katika kuziacha au waliomaliza kuziacha karibuni. Wapo katika safu zetu. Ni yule anayetoka baada ya rakaa nne za tarawehe huku kichwa kinazunguka. Ni yule dada ambaye siku hizi hafuturu na wenzake, anasema amechoka tu. Hawana bendeji wala gongo, kwa hiyo hakuna anayewauliza hali.

*1. Kisa cha mwenye jeraha la kichwa*

Jabir (r.a.) amesimulia, na Abu Dawud ameipokea hadithi hii, kwamba walikuwa safarini, mwenzao mmoja akapigwa na jiwe kichwani akajeruhika. Baadaye akapatwa na janaba usingizini. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawamwoni kuwa na ruhusa, kwa sababu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alikasirika sana. Akawahesabu kuwa wao ndio waliomwua, akafundisha kuwa tiba ya mtu asiyejua ni kuuliza.

Tuzingatie, jamani. Wale hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na bidii ya dini, na jeraha walikuwa wanaliona kwa macho. Wakakosea. Je, sisi tunaotoa fatwa kwa mtu ambaye jeraha lake hatulioni kabisa? "Mwanangu, mwezi mtukufu huu, acha hivyo vidonge ufunge kama watu." "Wewe soma Qur'ani tu, hayo ya hospitali ni imani ndogo." Maneno haya yanasemwa majumbani mwetu kila Ramadhani, tena kwa mapenzi.

*2. Mwili hauachi dawa kwa siku moja*

Dawa za sonona, za wasiwasi, za usingizi na za kutuliza akili hufanya kazi kwenye ubongo, na ubongo ukishaizoea dawa hujipanga kufuatana nayo. Ukiiondoa ghafla, ubongo unabaki umejipanga kwa kitu ambacho hakipo. Hapo mtu hupata kizunguzungu, kichefuchefu, jasho, kukosa usingizi, ndoto kali, hasira za ghafla, na wengine huhisi kama shoti ya umeme inapita kichwani. Kwa dawa nyingi dalili hizi huanza ndani ya siku chache tangu dozi ipungue. Kwa wengi huisha baada ya wiki kadhaa, na kwa baadhi huchukua miezi.

Dawa za kundi la diazepamu zina hatari zaidi. Aliyezitumia kwa muda mrefu akiziacha kwa mkupuo anaweza kupata degedege.

Ndiyo maana dawa hizi hupunguzwa hatua kwa hatua, chini ya daktari, na kila hatua mwili unapewa muda wa kutulia. Kwa hiyo neno la kwanza la darsa hii ni hili: *usiache dawa yako ya akili kwa sababu ya Ramadhani.* Zungumza na daktari. Kama unameza mara moja kwa siku, mara nyingi inaweza kuhamishiwa wakati wa futari au daku. Kama ni mara tatu kwa siku, usizibane zote usiku kwa akili yako mwenyewe; daktari ndiye atakayekwambia kama inabadilishika. Na wale wanaochomwa sindano ya mwezi, wanazuoni wengi wa zama hizi wanasema sindano isiyo ya lishe haifunguzi. Nenda kliniki siku yako, usiahirishe.

*3. Aliye katika kuacha dawa bado ni mgonjwa*

Hapa ndipo tunapokosea zaidi. Mtu akishapunguziwa dozi tunasema, "Alhamdulillah, amepona." Tunamtegemea afunge, asimamishe usiku, apike futari ya watu 10. Kumbe huu ndio wakati mwili wake unafanya kazi nzito kuliko wote.

Katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, Mola wetu amempa mgonjwa na msafiri ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na akatueleza kuwa anatutakia wepesi, hatutakii uzito. Aya haikusema ugonjwa wa kiwiliwili peke yake. Mgonjwa anayedhurika kwa kufunga, au anayecheleweshwa kupona, ana ruhusa. Akichelea kuangamia, wanazuoni wetu wa Kishafii wanasema kufungua kunakuwa wajibu. Anayetarajia kupona atalipa siku zake baadaye. Ambaye maradhi yake hayatarajiwi kuisha atatoa fidia, kumlisha maskini kwa kila siku. Muulize sheikh wako kwa hali yako, na umuulize daktari kwanza, kwa sababu sheikh naye anahitaji kujua mwili wako unasemaje.

Na imepokewa katika Musnad ya Imam Ahmad kwamba Allah anapenda ruhusa zake zitumiwe. Basi anayekula mchana kwa ruhusa ya Mola wake yumo katika utiifu. Asijifiche chooni kumeza kidonge kama mwizi.

*4. Kula na kunywa*

Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akiagiza talbina, uji mwepesi wa shayiri, kwa mgonjwa na kwa aliyefiwa. Akasimulia kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kuwa uji ule humpumzisha mgonjwa moyo na humwondolea baadhi ya huzuni. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Angalia neno *baadhi*. Chakula kina sehemu yake na dawa ina sehemu yake. Asije mtu akasema asali na habbat sauda zimeshachukua nafasi ya daktari. Na ukitaka kutumia dawa yoyote ya asili, mwambie mfamasia unatumia nini kingine.

Kwa aliyeruhusiwa na daktari kufunga, kwetu pwani mfungo ni kama saa 13, na usiku ndio wa kujijenga:

▪️ *Usiache daku.* Mtume (s.a.w.) ametuhimiza daku na kutuambia ina baraka. Kula kinachokaa tumboni: uji wa ulezi au dona, viazi vitamu, maharage au kunde, yai, mtindi, ndizi. Chai na mkate mweupe peke yake, saa tano asubuhi umeshaanza kutetemeka.

▪️ *Futuru kwa upole.* Tende, maji, kisha supu au uji, ndiyo uende kuswali magharibi. Baada ya hapo chakula chenyewe: samaki au dagaa, mboga za majani, mihogo au magimbi kwa kiasi.

▪️ *Punguza sukari ya mkupuo.* Kaimati, soda na juisi zenye sukari nyingi hupandisha sukari haraka, na kwa wengine hushuka haraka pia. Ikishuka, moyo unaenda mbio na mikono inatetemeka. Mtu aliye katika kuacha dawa akihisi hivyo hudhani wasiwasi wake umerudi, na hofu inazaa hofu.

▪️ *Maji.* Usinywe kwa mkupuo wakati wa futari. Glasi 2 kwenye futari, 4 kati ya tarawehe na kulala, 2 kwenye daku, isipokuwa kama daktari amekuwekea kiasi chako.

▪️ *Kama hamu ya kula haipo,* kula kidogo kidogo. Nusu bakuli ya uji kila baada ya saa mbili ni bora kuliko sahani ya pilau inayorudi jikoni nzima.

Tahadhari kwa wanaotumia *lithiamu*: mwili ukikaukiwa maji, dawa hii hupanda kwenye damu na kuwa sumu. Usifunge kabla daktari hajakuruhusu, na usikate chumvi ghafla. Kichwa kikikuuma usijinunulie diklofenaki wala ibuprofeni, kwani nazo huipandisha. Muulize mfamasia kuhusu parasetamoli. Ukiona mikono inatetemeka kwa nguvu, unaharisha, unatapika, unayumba au maneno yanakuwa mazito, nenda hospitali saa hiyohiyo. Na wanaotumia *karbamazepini* wajiepushe na juisi ya balungi, maana hupandisha dawa hiyo mwilini.

*5. Usingizi nao ni haki*

Salman (r.a.) alipomkuta ndugu yake Abu Dardaa (r.a.) anafunga kila siku na kusimama usiku kucha, alimzuia. Akamwambia kuwa Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na ahli zake wana haki. Mtume (s.a.w.) alipoelezwa, alisema Salman amesema kweli.

Ubongo unaopona unahitaji usingizi kuliko kitu chochote. Kwa hiyo:

▪️ Lala mapema baada ya tarawehe, uamke daku, na kama kazi inaruhusu ulale tena kidogo mchana. Jitahidi saa ziwe zilezile kila siku.

▪️ Kahawa chungu ya barazani iache, au iwe kikombe kimoja baada ya futari tu. Kahawa uliyokunywa saa nne usiku bado inafanya kazi mwilini saa nane.

▪️ Mirungi usiiguse kabisa. Inafukuza usingizi, inachochea wasiwasi, na kwa aliyewahi kuumwa akili inaweza kumrudisha alikotoka.

▪️ Tarawehe ni sunna. Ukiweza rakaa 2 ukiwa umekaa kitako, swali 2. Ukizidiwa, lala, na nia yako Allah anaijua.

▪️ Tembea kidogo kabla ya magharibi, jua likiwa limepoa. Dakika 20 zinatosha.

*6. Neno kwa jamaa*

Mama, baba, mume, mke: msimwambie huyu mgonjwa kuwa imani yake ni ndogo. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu afya ya mwili na ya nafsi pamoja. Akaeleza kwamba kuna huzuni yenye sababu inayojulikana, na kuna huzuni inayomjia mtu bila sababu ya wazi, ambayo asili yake imo mwilini na inatibiwa mwilini pia. Wazee wetu katika elimu hawakuona aibu kusema hivyo. Ruqya na dua ni sunna, na kwenda hospitali pia ni sunna, kwa sababu Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kama watu wajitibu, aliwaamuru wajitibu.

Mpunguzieni kazi za jikoni. Mwekeeni sahani yake ya mchana bila maswali. Andikeni kwenye daftari dozi yake na jinsi alivyolala. Likienda kliniki litamsaidia daktari kujua kama hizi ni dalili za kuacha dawa au ni maradhi yenyewe yanarudi. Dalili za kuacha huja upesi baada ya dozi kupungua, na mara nyingi zina mambo mapya kama kizunguzungu na ile shoti ya kichwani. Maradhi kurudi kwa kawaida huja polepole na hufanana na yale ya zamani. Lakini hufanana pia, kwa hiyo msiamue wenyewe.

*Msisubiri Idi* mkiona haya: hajalala siku kadhaa mfululizo, anasikia sauti, amechanganyikiwa, amepata degedege, au anasema angependa kufa. Huyo haachwi peke yake hata dakika moja. Dawa na vitu vya hatari viwekwe mbali, na apelekwe hospitali iliyo karibu usiku huohuo. Hospitali za mkoa zina huduma ya afya ya akili, na zipo kubwa kama Muhimbili, Mirembe kule Dodoma, na Kidongo Chekundu Unguja. Na anayezungumza habari ya kufa aulizwe waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Kunampa mlango wa kusema.

*Zoezi la leo* 📿

Mkumbuke mtu mmoja unayejua anaumwa maradhi haya. Usimpelekee mawaidha. Mpelekee uji wa moto jioni ya leo, umuulize, "Umelalaje jana?" Kisha unyamaze umsikilize. Na kama mtu huyo ni wewe, basi leo mpigie daktari wako simu kabla hujakata dozi, na umweleze mtu mmoja wa nyumbani unavyojisikia.

Ewe Mola wetu, Wewe ndiye Mponyaji. Waponye wagonjwa wetu tunaowaona na tusiowaona. Wape usingizi waliokosa usingizi, wape utulivu wenye hofu, na utupe sisi ndimi zisizoongeza jeraha. Utukubalie funga za waliofunga na ruhusa za waliokula. Aamin.

Wallahu a'lam. Tukutane kesho in shaa Allah kabla ya magharibi. Mtumie na mwenzako, huenda ndiye anayeihitaji.