Karo Lisilojaa
Kijitabu cha kaya za Kibiti na delta ya Rufiji

Wenye nyumba wana majivuno yao: "Karo langu lina miaka kumi, halijawahi kujaa." Majirani huwaonea wivu, na fundi aliyelijenga hupata kazi nyingine mtaa wa pili. Bwana afya akiyasikia maneno hayo huuliza jambo moja tu: kisima kiko wapi?

Karo la kweli lina sakafu ya zege na kuta zilizopigwa plasta. Kinyesi huzama na kuwa tope, mafuta na povu huelea, na maji ya katikati hupita kwenye bomba kwenda shimo la pili, la kunyonyea, ambalo ndilo kuta zake huachwa na matundu. Tope hubaki palepale, kwa hiyo siku moja lazima livutwe. Karo lisilojaa kamwe, mara nyingi ni lile ambalo fundi hakulimwagia sakafu ili kubana saruji. Kila kinachoingia kinateremka ardhini, na penye mchanga hakuna cha kukizuia. Vijidudu vya kuhara na homa ya matumbo husafiri humo hadi kwenye ndoo ya jirani. Wazee wanaukumbuka mwaka 1977, kipindupindu kilipoikumba Rufiji, Kibiti ikiwa bado ndani ya wilaya hiyo.

Pima wakati wa bamvua

Ukiteremka kutoka barabara ya Kilwa hadi Nyamisati, na kuvuka kwenda vijiji vya ndani ya delta, maji ya ardhini hayatulii. Yanapanda na kushuka na bahari. Shimo lililochimbwa siku za maji mafu huonekana kavu na zuri. Bamvua likija, choo kinakuwa kisima. Kwa hiyo, kabla ya kumlipa mchimbaji, chimba shimo jembamba la majaribio, ulitazame mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, saa maji yamejaa. Ukiweza, fanya hivyo masika. Kitako cha choo kibaki juu ya maji hayo kwa mita 1.5 au zaidi, na choo kikae mita 30 au zaidi kutoka kisimani.

Hesabu ikikataa, usilazimishe kwenda chini. Mrufiji hahitaji kufundishwa kuishi juu ya maji, dungu ni lake. Choo nacho kipandishwe: tuta la udongo ulioshindiliwa, chumba cha tofali kilichozibwa juu yake, na ngazi. Kama unataka boriti za mikoko, anza na kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, maana mikoko ni msitu wa hifadhi.

Kibali na ukaguzi

Kwenye viwanja vilivyopimwa vya mji mdogo wa Kibiti, kibali cha ujenzi hutoka halmashauri. Mchoro uonyeshe karo, shimo la kunyonyea na kisima, cha kwako na cha jirani, kwa sababu afisa afya ni mmoja wa wanaoupitia. Kijijini anza kwa mtendaji wa kijiji, akukutanishe na afisa afya wa kata.

Mwite mkaguzi shimo likiwa bado wazi. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Zege la juu likishamwagwa, hakuna awezaye kujua kama sakafu ipo, na fundi atakwambia, "Tumalize kwanza, bosi, watakuja baadaye." Kataa. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa afisa afya mamlaka ya kuingia na kukagua; nawe usione haya kumwomba kitambulisho. Ataangalia pia mfuniko, mahali pa kunawa mikono, na bomba la hewa lenye wavu. Wavu huo si urembo: mbu wanaozaliana kwenye maji ya choo ndio waenezao matende na mabusha, maradhi yanayoijua sana pwani hii.

Mvua zikikaza

Mafuriko ya Aprili 2024 yaliingia majumbani Rufiji na Kibiti, na maji yakiingia ndani ya nyumba huwa yamekwisha kupita chooni. Ukichota kisimani baada ya hapo, chemsha, au tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Tangi la plastiki lililofukiwa usilivute likawa tupu kipindi hicho: maji ya ardhini hulisukuma likaelea na kukata mabomba. Livute kiangazi.

Kuna na wale wanaongoja mvua kubwa ili watapishe choo mtaroni usiku. Maji hayo hayaendi baharini moja kwa moja. Yanapita kwanza uani kwa jirani, mahali watoto wanapocheza asubuhi. Ukimwona anayefanya hivyo, mwambie mtendaji usiku huohuo, hata kama ni shemeji yako.