Kuku Wamwonapo Nyoka



Mtu atafutaye ukweli hana budi kuwasikiliza mashahidi wote, hata wale wasiojua kusema. Somo letu la mwezi huu linahusu shahidi wa namna hiyo, naye ni kuku. Usicheke kwanza. Soma kisa hiki, kisha upime mwenyewe.

Huko Ikolo, wilayani Kyela, mama mmoja alikuwa na kuku aliyeatamia mayai 12. Ilikuwa masika, wakati ambapo mvua za ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa hunyesha usiku kucha na mashamba ya mpunga hujaa maji. Asubuhi moja alikuta mayai 8. Asubuhi iliyofuata akakuta 3. Mlango wa banda ulikuwa umefungwa kwa kamba vile vile alivyoufunga mwenyewe. Hapakuwa na ganda lililovunjika, wala tone la damu, wala unyoya.

Basi akakumbuka kwamba jioni ya kuamkia siku ile ya kwanza, bibi kizee jirani yake alikuja kuomba kaa la moto, na kabla ya kuondoka alisimama kitambo kirefu karibu na banda akilitazama. Hilo likatosha. Nilipofika nyumbani hapo siku ya tatu, kwa shughuli nyingine kabisa, neno "uchawi" lilikuwa limekwisha kutajwa uani, na vijana wawili wa ukoo walikuwa wameitwa. Nawe wajua, ndugu msomaji, maneno ya namna hiyo huishia wapi. Katika nchi yetu wako vikongwe waliopigwa na hata kuuawa kwa hoja dhaifu kuliko hiyo. Sura Al-Hujurat imetukataza dhana mbaya, lakini niliona kwamba kumsomea makatazo mtu mwenye hasira bila kumwonyesha jambo lenyewe hakutafaa kitu. Nikamwuliza swali moja tu.

"Mama, kuku wenyewe walifanyaje?"

"Mwalimu, kuku nao wana la kusema?"

"Jioni huingia bandani bila taabu?"

Akanyamaza kidogo. "Siku hizi wamekuwa wakaidi. Hufika mlangoni, husimama, hunyosha shingo. Inanibidi niwafukuze ndio waingie."

Hapo, ndugu msomaji, ndipo penye somo letu.

Kuku wa nyumbani ametokana na kuku-mwitu wa misitu ya kusini-mashariki mwa Asia. Maelfu ya miaka ya kuishi na binadamu hayakumwondolea hadhari ya msituni. Kila mwanakijiji ajua kwamba kuku hupiga ukelele wa hatari, bali si wote waliotambua kwamba kelele hizo ni za namna mbili. Mwewe atokeapo angani, jogoo hutoa sauti nyembamba, moja, ya ghafula, ambayo ni vigumu kujua imetoka wapi; mara vifaranga hukimbilia vichakani na kulala chini. Adui akiwa ardhini, sauti ni nyingine: ni mlio mzito wa kukatakata, ko-ko-ko-ko, unaorudiwa mara nyingi, hata dakika kadhaa, na mwisho hupaa juu.

Je, hizi ni kelele za hofu tu, au zina maana? Mwaka 1993 wataalamu watatu, Christopher Evans, Linda Evans na Peter Marler, walitangaza majaribio yao juu ya jambo hili. Waliwaonyesha majogoo picha za adui kwenye televisheni. Picha ya mwewe akipita juu iliwafanya watoe mlio wa kwanza. Picha ya rakuni, mnyama wa Marekani atembeaye kwa miguu minne, iliwafanya watoe mlio wa pili. Kisha wakazinasa sauti hizo na kuwasikilizisha makoo waliokuwa peke yao, pasipo adui yeyote wa kuonekana. Waliosikia mlio wa mwewe walikimbilia mahali pa kujificha, wakajiinamisha na kutazama juu. Waliosikia mlio wa adui wa ardhini walisimama wima, shingo zikiwa zimenyooka, wakatazama huku na huku sambamba na ardhi. Yaani sauti pekee iliwatosha kujua hatari iko upande gani. Wataalamu hao hawakutumia nyoka. Lakini nyoka naye ni adui wa ardhini, na mfugaji ye yote aliyewahi kumfumania karibu na banda aufahamu mlio huo wa pili.

Jambo jingine ambalo Marler na wenzake walikuwa wamelidhihirisha katika miaka ya 1980 ni kwamba jogoo aonaye mwewe akiwa peke yake mara nyingi hunyamaza, bali akiwa pamoja na koo hupiga mlio. Basi nyumba isiyo na jogoo imepungukiwa mlinzi. Na yule mama wa Ikolo alikuwa amemwuza jogoo wake shule zilipofunguliwa.

Sasa tazama kuku wanavyotenda wakimwona nyoka mchana. Hawakimbii ovyo. Husimama kwa umbali wa hatua chache, wakikaribia mduara, kila mmoja akimtazama kwa jicho moja kisha kwa jingine, huku wakitoa ule mlio wa kukatakata. Nyoka akisogea, nao husogea. Akijificha chini ya jiwe, huendelea kupatazama pale pale. Kwa hiyo ukiona kuku wote wameelekeza vichwa mahali pamoja, usiende kuwafukuza: tazama wanapopatazama. Nyoka mdogo, wa urefu wa shubiri moja au mbili, mambo humgeukia. Kuku humdonoa, humpiga chini na kummeza, kama wamlavyo chura. Koo mwenye vifaranga ni shujaa zaidi. Hutimua manyoya, hushusha mabawa na kumrukia hata nyoka anayemzidi nguvu, na wakati mwingine hufa kwa ajili hiyo.

Lakini usiku habari ni nyingine kabisa. Macho ya kuku hayaoni vizuri gizani. Akisha kupanda uchagani hutulia, na hata akihisi kitu hutoa sauti ndogo tu ya kunung'unika. Huo ndio wakati wa nyoka, ambaye hahitaji mwanga: ulimi wake hukusanya harufu na kuipeleka kwenye kaakaa. Swila huyapenda mayai, naye huyameza mazima bila kuyavunja. Ndiyo sababu asubuhi huoni kitu.

Nisisitize hapa, kwa kuwa hapa ndipo watu wengi hupotoka. Nguchiro huvunja yai na kuacha maganda. Kicheche na paka-mwitu huacha damu na manyoya. Mwewe huja mchana, na boma zima husikia. Ugonjwa wa mdondo huacha mizoga. Nyoka haachi kitu. Kwa hiyo kukosekana kwa alama si dalili ya mambo ya giza. Ndiyo alama yake hasa. Wakati mwingine humwuma hata koo anayeatamia, kisha humwacha kwa sababu hawezi kummeza. Naye hukutwa amekufa bila jeraha kubwa, na hapo ndipo ndimi huanza kazi.

Na kwa nini masika? Maji ya mito ishukayo kutoka milimani yakiijaza bonde, panya na nyoka wote hutafuta mahali pakavu. Mahali pakavu ni uani kwako: chini ya rundo la kuni, katika matofali, kati ya migomba iliyosongamana. Punje zikimwagika huwaita panya, nao panya humwita nyoka. Basi okota mayai kila jioni, isipokuwa yale yanayoatamiwa. Inua banda juu ya nguzo. Ziba kila tundu lipitishalo kidole. Ondoa kuni kando ya ukuta. Ukisikia kuku usiku, usitoke bila tochi na viatu, wala usitie mkono kiotani gizani. Mwenye kuumwa asichanjwe, asifungwe kamba, asinyonywe jeraha. Atulizwe na kupelekwa hospitali upesi. Aliyetemewa machoni na swila aoshwe kwa maji mengi mara moja. Si jambo dogo: Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa duniani kwa kuumwa na nyoka.

Tuurudie ua wa Ikolo. Sikubishana na mtu. Nilimwomba mama majivu yaliyochekechwa, tukayatandaza ndani ya banda kando ya kuta zote, na wale vijana nikawaomba wasubiri hadi asubuhi. Kulipokucha palikuwa na mfuo mmoja mpana wenye kupindapinda, usio na nyayo, kutoka kwenye ufa chini ya ukuta wa udongo. Nje ya ufa huo palikuwa na rundo la kuni. Vijana waliziondoa kuni moja moja kwa mti mrefu, na chini kabisa alikuwamo swila.

Mama mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa bibi kizee kumpa habari, nami nikafuatana naye. Bibi hakushangaa. Alisema jogoo wake alikuwa amepiga kelele jioni tatu mfululizo, akiangalia upande wa banda lile, na kwamba siku alipokuja kuomba moto alisimama pale ili aone jogoo alikuwa akitazama nini.