Anayekufa Ni Nani? Kupima Filamu ya Wanyamapori Kabla Mtoto Mdogo Hajaiona

Filamu ya Chimpanzee, iliyotolewa na Disneynature mwaka 2012, ilipewa daraja la G nchini Marekani, yaani mkubwa kwa mdogo wanaruhusiwa kuitazama. Damu ndani yake ni haba. Lakini kisa chenyewe ni hiki: sokwe mchanga aitwaye Oscar, katika msitu wa Taï nchini Ivory Coast, anafiwa na mama yake. Kifo hakionyeshwi. Kinachoonyeshwa ni yatima akihangaika, akiwafuata majike wengine wasiomtaka, akikonda, mpaka Freddy, dume kiongozi wa kundi, anapomchukua na kumlea. Mtu mzima atalengwalengwa na machozi, kisha atafurahi. Mtoto wa miaka minne anaweza kwenda kulala na swali moja tu: mama alikwenda wapi?

Wazazi wengi hukagua damu. Simba akimrarua nyati, rimoti inatafutwa haraka. Ndama wa tembo akiachwa nyuma wakati wa ukame, hakuna anayeinuka, kwa kuwa hapo hapana kibaya kinachoonekana. Kwa mtoto wa chini ya miaka sita, mambo mara nyingi huwa kinyume. Usalama wake wote uko kwa watu wawili watatu, na hofu yake kubwa ni kutengana nao. Ndiyo maana swali la kwanza kuhusu filamu yoyote ya porini liwe: anayekufa au kupotea ni nani? Nyumbu mmoja kati ya maelfu wanaovuka mto Mara, asiye na jina wala historia, mtoto atamsahau. Mama mwenye jina, aliyefuatwa na kamera kwa nusu saa nzima akinyonyesha na kulamba wanawe, hasahauliki kirahisi.

Majina yana nguvu kuliko tunavyodhani. Mfululizo wa Serengeti wa mwaka 2019, ambao toleo lake la Marekani lilisimuliwa na Lupita Nyong'o, uliwapa wanyama majina, wivu, mapenzi na visasi kama wahusika wa tamthilia. Inanogesha sana. Pia inamsogeza mtoto karibu na mnyama, na likimpata baya mnyama huyo, linampata rafiki yake.

Umri nao hubadilisha kinachotisha. Joanne Cantor wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alichunguza kwa miaka mingi hofu ambayo watoto huipata kwenye filamu na runinga. Wale ambao hawajaanza shule huogopa pia kinachotisha kwa sura: meno, macho yanayong'aa gizani, kiumbe kinachogeuka ghafla kuwa kingine. Wakubwa zaidi, wa miaka minane hivi na kuendelea, huogopa kile kinachoweza kutokea kweli. Katika utafiti mmoja watoto waliambiwa, kwa nia ya kuwatuliza, kwamba nyoka wengi hawana sumu. Wadogo walielekea kuogopa zaidi, maana katika maelezo yote hayo walichokishika ni sumu. Likumbuke hilo siku utakapotaka kumtuliza wa miaka minne kwa mhadhara juu ya tabia za mamba.

Kuelewa kwamba aliyekufa harudi nako hujengeka polepole, kwa watoto wengi kati ya miaka mitano na saba. Kabla ya hapo mtoto anaweza kumwona swala akiliwa, kisha akauliza kama kesho atapona. Hana roho mbaya, na wala hajazoea ukatili. Bado hajafika kwenye kuelewa huko.

Je, alama za umri zinasaidia? Kiasi. Bodi ya kuainisha filamu ya Uingereza huipa filamu alama ya U ikiona inamfaa mtoto wa kuanzia miaka minne, na PG ikiona haitamsumbua mtoto wa miaka minane hivi. Nchini Kenya, bodi ya KFCB ina GE kwa watu wote, kisha PG, 16 na 18. Nchini Tanzania kazi hiyo iko chini ya Bodi ya Filamu. Mfumo ninaoupenda zaidi ni wa Uholanzi, Kijkwijzer, ulioanza mwaka 2001: mbali na umri, unaweka picha ndogo inayotaja tatizo lenyewe. Buibui maana yake hofu, ngumi maana yake ukatili. Mzazi anajua cha kutafuta. Alama nyingine nyingi hukwambia filamu ni salama bila kukwambia salama dhidi ya nini, na matusi, utupu na damu vinapokosekana, filamu ya wanyama hupita kwa urahisi. Kisha kuna vipindi vya runinga na video za simu ambazo mzazi hukutana nazo bila alama yoyote.

Kwa hiyo itazame mwenyewe kwanza, japo kwa kurukaruka. Dakika tano za mwanzo zitakuonyesha aina ya usimulizi. Katikati, tafuta windo moja ulitazame lote. Halafu nenda dakika kumi za mwisho, na kama muda wako ni mdogo, anzia huko. Mtoto mdogo huvumilia hofu nyingi iwapo inafunguka mbele ya macho yake. Filamu inayoishia kwenye mzoga au mwana aliyeachwa humpa mzigo bila mahali pa kuutua.

Mfano mzuri wa hofu inayofunguka uko hapa kwetu Amboseli. Mwaka 1990 Echo, tembo jike aliyekuwa akifuatiliwa na mtafiti Cynthia Moss, alizaa ndama wa kiume aliyepewa jina la Ely. Miguu yake ya mbele ilikuwa imekunjika kwenye viungo, hakuweza kusimama wala kufikia ziwa la mama. Echo hakumwacha, na dada yake Ely, Enid, naye alibaki. Siku ya tatu akasimama. Mpiga picha Martyn Colbeck alikuwepo, na kisa hicho kimo katika filamu ya Echo of the Elephants. Kuna wasiwasi wa kweli humo, unaweza kuona mtoto akishikilia mkono wako, lakini mama yuko kwenye picha muda wote. Kwa mtoto wa miaka mitano huo ni wasiwasi anaoumudu.

Ilinganishe na African Cats ya mwaka 2011, iliyopigwa Maasai Mara, nayo ikapewa G Marekani. Duma aitwaye Sita ana watoto watano. Baada ya fisi kuvamia, anabaki na watatu. Simba jike mzee, Layla, anajitenga na kundi akafe peke yake, na bintiye anabaki kwa wengine. Picha ni za kupendeza, wala hakuna matumbo yaliyomwagika. Hata hivyo ningeiweka kwa wenye miaka saba na kuendelea, tena kwa sababu ya Layla kuliko fisi.

Sauti ipimwe peke yake. Wapiga picha wa wanyama hutumia lenzi ndefu wakiwa mbali, kwa hiyo sauti nyingi unazosikia hutiwa baadaye studioni. Mfupa unaovunjika unaweza kuwa mboga mbichi iliyovunjwa karibu na maikrofoni. Ngoma nzito inayopanda kabla ya chui kuruka haipo porini. Imetungwa ili moyo wako uende mbio. Zima sauti, utazame tukio lile lile. Mara nyingi utakuta wanyama wawili wakikimbia kwenye nyasi na vumbi, basi. Kama kinachotisha ni muziki, dawa iko kwenye rimoti: punguza.

Kwetu jambo la sauti lina uzito zaidi, kwa sababu filamu nyingi za wanyama husimuliwa kwa Kiingereza. Aliyeipa filamu alama alikuwa anamsikia msimulizi akisema kwa upole kwamba mtoto atakuwa salama. Mwanao hamwelewi. Yeye anasoma picha na muziki tu. March of the Penguins ya Luc Jacquet, ya mwaka 2005, inaonyesha msimulizi anavyoweza kubadilisha filamu: katika toleo la Kifaransa pengwini wenyewe wanazungumza kwa sauti za waigizaji, na katika lile la Marekani Morgan Freeman anawasimulia kutoka nje. Humo kuna yai linaloganda kwa baridi, vifaranga wanaokufa, na sili mla pengwini anayeshambulia majini. Msimulizi wa sebuleni ni wewe. Watu wazima waliokulia kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video, wanajua filamu ya kigeni inavyogeuka mikononi mwa DJ anayeitafsiri kwa maneno yake. Fanya kazi hiyo, kwa sentensi fupi: "Fisi wana njaa. Duma amewaficha watoto. Angalia, huyu mmoja yuko hapa." Ukitumia sauti ya kawaida ya kupikia, mtoto ataisikia hiyo kabla ya ngoma.

Wapo watakaosema mtoto wa kwetu ameona kuku akichinjwa na mbuzi wa Idi akiangushwa, atashtukaje na runinga? Hoja ina nguvu, ila haifiki mbali. Kuku alichinjwa na baba, kwa sababu inayojulikana, na jioni kukawa na mchuzi. Mtoto anaweza kutazama hayo bila kupepesa na bado akalia kwa ajili ya duma. Upande wa pili, kuna watoto ambao mnyama wa kwenye skrini si wa mbali. Anayeishi kando ya Ziwa Victoria mahali ambapo mamba amewahi kumchukua mtu, au pembeni ya shamba linaloingiliwa na tembo, hatulizwi na maneno kwamba hao wako mbali. Mzazi wa huko aongeze miaka miwili juu ya alama yoyote, au achague filamu za ndege na samaki.

Kinachonitia shaka kuliko filamu nzima ni vipande vya simu. Filamu ina uzazi, mvua, michezo ya watoto, ndipo windo. Kipande cha YouTube kimekata yote na kubakiza meno, na kikiisha kingine kinaanza chenyewe. Zima uchezaji wa kujiendesha, au pakua filamu moja uliyoichagua ukazime data. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja ya skrini kwa siku, na wa chini ya miaka miwili asitazame kabisa. Saa moja haitoshi filamu nzima, na hiyo ni heri: unachagua sehemu.

Kuruka tukio hakuna aibu. Mwaka 2019, baada ya watazamaji wa Our Planet kuumizwa na picha za walrasi, wanyama wakubwa wa baharini wenye meno marefu, wakiporomoka kutoka kwenye majabali, Netflix wenyewe walitangaza dakika ambazo wapenda wanyama wangependa kuziruka. Hao walikuwa watu wazima.

Wakati wa kutazama, mwangalie mtoto. Kuziba masikio, kunyamaza ghafla, kwenda chooni mara kwa mara, kuuliza swali lile lile mara tatu: hapo simamisha. Usimwambie kwamba haya si kweli, maana ni kweli, naye ataligundua hilo. Kwa wa chini ya miaka sita, kupakatwa, kushika khanga ya mama au kupewa kikombe cha maziwa kunafanya kazi kuliko maelezo. Anayezidi miaka saba atataka majibu, na ayapate bila kupambwa: duma asipowinda, wanawe hawali. Kaka mkubwa anayecheka na kusema mwanaume haogopi aondolewe sebuleni kabla ya simba. Hofu ikiendelea wiki kadhaa, mtoto akikataa kulala au kutoka nje kwa sababu ya alichokiona, mpeleke kwa mhudumu wa afya.

Mwalimu ana kazi ngumu zaidi, kwa sababu darasa la awali lenye watoto arobaini halina mapaja ya kutosha. Achague kwa kumfikiria yule mwoga kuliko wote, aonyeshe dakika kumi na tano, taa zikiwaka na mlango ukiwa wazi, na anayetaka kutoka akacheze atoke bila kuulizwa sababu mbele ya wenzake. Tembo wakioga humtosha kabisa yule mwoga.