Chora Mto Kwanza: Namna ya Kuunda Nchi ya Hadithi

Wengi wetu chamani twapenda kutunga hadithi za mazimwi na falme zisizokuwepo. Leo ningependa tujifunze jambo ambalo husahaulika: kuchora ramani ya nchi hiyo kabla ya kuanza kuandika. Msiseme ati hiyo ni kazi ya somo la jiografia!

Kwanza, chora maji. Mimi kwetu ni Gotu, na mto wetu ni Ewaso Nyiro. Unatoka nyanda za juu za Mlima Kenya na Nyandarua, unapita kwetu, kisha unaishia katika kinamasi cha Lorian. Ukishajua mto unapita wapi, umejua mifugo itanywa wapi, boma litajengwa wapi, na watu watagombania nini kiangazi kikizidi. Basi hapo hadithi imeshaanza.

Pili, pima mwendo. Usiandike tu kwamba shujaa "alisafiri mbali". Je, alitembea siku ngapi? Alilala wapi? Maji ya kunywa aliyapata kisima gani?

Tatu, weka sheria na uzifuate. Kusadikika, nchi aliyoibuni Shaaban Robert katika kitabu chake cha 1951, iko angani. Hata hivyo ina mfalme, waziri na baraza la kuhukumu watu. Nchi inaelea hewani, lakini mambo yake twayasadiki.

Nne, na hili ndilo kubwa: usijaze pengo ovyo. Katika miaka ya 1890, Mmarekani William Astor Chanler aliufuata mto huu wetu akitarajia kufika ziwa kubwa la Lorian. Kumbe hakuna ziwa, ni kinamasi! Wafugaji waliokuwa wakinywesha huko walijua siku zote.

Mimi nami nilifanya kosa kama hilo, tena baya zaidi. Katika ramani yangu ya kwanza nilichora mto, upande huu nikaweka kijiji cha mashujaa. Ng'ambo sikuwa nimewahi kufika, basi nikaandika: "Nchi ya Mazimwi." Wakati huo mifugo ilikuwa imeibwa, na watu wa pande mbili hawakuwa wakisalimiana. Mwenzangu darasani, ambaye kwao ni ng'ambo, akaitazama ramani, akaniuliza polepole, "Kwani wewe, sisi ndio mazimwi?"

Sikuwa na jibu. Nilifuta yale maneno, nikampa penseli. Akachora kisima, boma la nyanya yake na mti ambapo wazee huketi. Kisha akavuka mto kwa penseli, akachora zimwi dogo karibu na kijiji changu. Tulicheka, halafu tukanyamaza wote wawili. Hadithi niliyoandika baada ya hapo ilikuwa na zimwi moja tu, nalo lilikaa ndani ya mto na kuwaogopesha watu wa pande zote mbili.

Zoezi: Chora nchi yako yenye mto mmoja na vijiji viwili. Ukimaliza, igeuze karatasi juu chini, uitazame kama mtu wa ng'ambo. Je, angekubali ulivyomchora? Kama hangekubali, mpe penseli.