Kutoka Boma hadi Halmashauri: Istilahi za Ofisi ya Utawala katika Mkoa wa Pwani

Makala haya yanachunguza historia ya ofisi ya utawala katika eneo la Kibaha na Kisarawe kwa kufuata majina yake. Hoja kuu ni kwamba istilahi zinaweza kudumu au kubadilika, lakini swali la msingi ni moja: mwenye cheo anawajibika kwa nani?

Wajerumani walipoitawala pwani, walitumia vyeo vilivyokuwapo: liwali, akida na jumbe. Viwili vya kwanza vina asili ya Kiarabu. Majina yalibaki, bali maana zilihama. Akida, aliyekuwa kiongozi wa askari, akawa mkusanya kodi na msimamizi wa majumbe. Jumbe, aliyetegemea ridhaa ya wazee wa mji, sasa aliwajibika kwa bwana shauri aliyekaa bomani. Boma nalo, ambalo asili yake ni ua au ngome, likawa ofisi ya serikali. Chuki dhidi ya maakida ilikuwa miongoni mwa vyanzo vya Vita vya Maji Maji vya 1905–1907.

Waingereza, chini ya Gavana Donald Cameron, waliweka sheria ya mamlaka za wenyeji mwaka 1926. Majimbo yao yaligeuzwa mikoa baada ya Uhuru, na kuanzia 1962 kukawa na Mkuu wa Mkoa. Leo jimbo ni eneo la kumchagua mbunge. Wilaya na liwali ni maneno ya mzizi mmoja wa Kiarabu. Cheo kimetoweka, jina la eneo limesalia.

Mwaka 1972 mpango wa Madaraka Mikoani ulifuta halmashauri za wilaya. Sheria za 1982 zikazirudisha. Ndani ya neno halmashauri limo shauri lile lile la bwana shauri. Tofauti ni kwamba yeye alikata shauri peke yake, ilhali halmashauri hukutana kulijadili.

Hivyo mkazi wa Sofu, kata ya Halmashauri ya Mji wa Kibaha, ana milango miwili: Mkuu wa Wilaya anayeteuliwa na Rais, na diwani anayepigiwa kura. Anayeita yote miwili “serikali” hakosei. Lakini asiyeitofautisha hatajua ni nani anayeweza kumwondoa kwa kura yake.